Dondoo muhimu: Kuingia na kutoka Kigoma

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi leo treni ndiyo usafiri wa mwenye mizigo. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kupitia Dodoma na Tabora, kwa hiyo kata tiketi mapema. Vitanda vya daraja la pili huisha haraka. Beba shuka, maji na chenji ndogondogo za kununulia chakula dirishani. Wakati wa masika, uliza kwanza kama njia ni salama, maana mafuriko eneo la Kilosa na Gulwe yameshaikata reli mara nyingi.

Ukipakia dagaa au mawese, funga vizuri. Dumu la mawese likivuja ndani ya basi, nguo za abiria wenzako ndizo zitakazolipa.

Mwenye haraka apande basi. Kwenda Mwanza, njia ya kawaida ni Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Ujiji ni daladala tu.

Hifadhi ya Gombe haina barabara ya kuifikia. Boti za abiria huondokea Kibirizi. Ziwa Tanganyika huchafuka ghafla. Usipande boti iliyojaa kupita kiasi, na vaa jaketi la kuokolea kabla haijang'oa nanga.