Kuvu ukutani: Je, ni mvuke wa chumbani au maji ya ardhini?

Kila msimu wa baridi, hasa Juni hadi Agosti, wazazi wengi katika nyumba za kupanga za Makongeni, Thika, na Kihunguro, Ruiru, huona madoa meusi pembeni mwa kuta. Hiyo ni kuvu. Chembechembe zake zikivutwa puani huweza kuchochea pumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Chanzo chake ni somo linalofundishwa wasanifu majengo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pale Juja, kati ya miji hiyo miwili. Huitwa fizikia ya majengo, yaani jinsi joto, hewa na unyevu vinavyosafiri ndani ya nyumba.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi. Hewa yake ikiwa na joto la nyuzi 25 huweza kubeba karibu nusu lita ya maji yasiyoonekana, yaliyotokana na pumzi, sufuria na nguo zilizoanikwa ndani. Usiku ikipoa hadi nyuzi 15, hubeba robo lita na kidogo tu. Yanayobaki, kama glasi moja, hutua penye baridi zaidi: mabati, kioo, na ukuta ulio nyuma ya kabati.

Lakini kuna unyevu mwingine. Mawe ya kuchonga ya Ndarugu, yanayotumika sana huku kwetu, hufyonza maji. Msingi uliojengwa bila tabaka la kuzuia maji huyaacha yapande ukutani.

Utajuaje ni upi? Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa. Mwenye nyumba aondoe udongo ulioegemea ukuta, atengeneze mifereji ya paa na kukagua msingi. Kupaka rangi ya mafuta juu ya madoa, kama wengi wanavyofanya, ni kutupa pesa.

Mvuke hutibiwa kwa hewa. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, matundu yawe juu karibu na dari, na nyingine safi iingie chini. Vyumba vingi vya ploti hupakana kwa nyuma, kwa hivyo upepo haupiti. Fungua dirisha na mlango pamoja kwa dakika chache asubuhi na baada ya kupika. Sogeza kitanda mbali na ukuta.

Usizibe matundu hayo kwa matambara kwa sababu ya baridi, hasa ukiwa na jiko la makaa. Makaa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu akiumwa kichwa, akihisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini.