SOMO: UJUZI ANAOTAKIWA KUWA NAO MSAIDIZI WA SHERIA



Wengi wetu tukitajiwa kesi tunawaza watu watatu tu: polisi, hakimu na wakili. Lakini yuko wa nne, na kazi yake mtoto wa kibarua aweza kuifanya bila shahada ya chuo kikuu. Huyo ni msaidizi wa sheria.

Malawi ilianza mpango wa wasaidizi hao mwaka 2000, katika magereza yake makubwa, likiwemo Maula la hapa Lilongwe. Mawakili walikuwa wachache, na mahabusu walikaa muda mrefu bila kesi kusikilizwa. Wasaidizi waliingia gerezani wakawafundisha mahabusu sheria kwa mazungumzo na michezo ya kuigiza, kisha wakafuatilia majalada yaliyokwama. Hawamtetei mtu mbele ya hakimu. Hiyo ni kazi ya wakili. Novemba 2004 wajumbe wa nchi nyingi walikutana na kupitisha Azimio la Lilongwe, lililokubali kwamba msaada wa kisheria hauwezi kuachiwa mawakili peke yao. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa nao ulipitisha miongozo yenye fikra hiyo.

Basi anayetaka kazi hii ajifunze nini?

1. Kusikiliza. Mtu aliyekamatwa ana hofu, hueleza mambo kwa kuruka-ruka. Mwache amalize, ndipo umwulize: lini, wapi, nani alikuwepo.

2. Kuhesabu muda. Katiba ya Malawi ya 1994 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita; zikiisha siku isiyo ya mahakama, basi siku ya kwanza ya kazi. Tuseme mwenzetu amekamatwa Ijumaa saa 2 usiku. Saa 48 zinaisha Jumapili saa 2 usiku. Kwa hiyo Jumatatu lazima aonekane mahakamani. Asiyejua hesabu hii atangoja hadi Alhamisi akidhani ndio utaratibu.

3. Kuandika. Jina, tarehe, kituo, kosa, namba ya jalada. Daftari safi huzungumza mahali ambapo maneno matupu hayasikilizwi.

4. Lugha. Katiba hiyo inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na ya kupewa mkalimani kwa gharama ya serikali. Hapa ndugu zetu wa Dzaleka waliotoka Kongo na Burundi, wanaojua Kiswahili na Kichewa, wana mtaji mkubwa. Lakini mkalimani hatii chumvi. Mtu akisema "nilichukua baiskeli", sema "ndinatenga". Ukisema "ndinaba", umeshamfanya mwizi kabla hakimu hajaamua.

5. Uaminifu. Siri ya mtu haipelekwi kilabuni. Dhamana ya polisi ni bure. Msaidizi anayedai "kitu kidogo" ili aipatie familia dhamana ni sehemu ya maradhi, si dawa.

6. Heshima bila woga. Ukimfokea askari, utafunga mlango ambao mwenzako anahitaji ufunguliwe. Msalimu, taja kifungu, uliza tarehe, andika jibu.

Pengine utasema: mimi si mhalifu, yanihusu nini? Mwaka 2015 mchuuzi mmoja alikamatwa alfajiri akienda kwenye biashara yake, akashtakiwa kwa uzururaji. Kosa lake lilikuwa kutembea saa hiyo. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na Januari 2017 kifungu kile kikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Nani kati yetu hatembei saa hizo? Anayetoka zamu ya usiku Kanengo na anayewahi basi Likuni wote wanazitembea.

Mfanyakazi akikaa rumande wiki tatu, hata akiachiwa bila hatia, huenda akakuta kazi imechukuliwa na kodi ya nyumba inadaiwa. Kila tawi likiwa na wanachama wawili wenye ujuzi huu, hasara hiyo itapungua. Kijana akiupenda, na aendelee: aombe mafunzo ya usaidizi wa sheria, ukarani wa mahakama au ukalimani.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Mwenzetu akikamatwa Alhamisi saa 4 asubuhi, saa 48 zinaisha lini, na afikishwe mahakamani siku gani?
(b) Katika tawi letu nani anajua lugha zaidi ya mbili?
(c) Daftari la tawi litunzwe na nani?