Sola Isiyofika Usiku wa Manane: Kupima Kabla ya Kununua Betri Mpya

Taa za sola zinapofifia saa tatu usiku, ilhali zamani zilifika hadi alfajiri, wenye nyumba wengi hukata shauri moja: betri imekufa. Mbuzi huuzwa, betri mpya hununuliwa, na baada ya miezi michache giza hurudi palepale. Kosa halikuwa la betri. Somo hili linaeleza namna ya kutafuta chanzo cha upungufu huo kwa utaratibu, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Betri ni ghala

Betri haizalishi umeme. Huutunza tu, kama ghala linavyotunza mahindi. Ghala likiwa tupu, mwenye busara hulibomoa baada ya kujiuliza mambo matatu: Je, mavuno yalikuwa haba? Je, walaji wamezidi? Au ghala lenyewe linavuja? Kwa mfumo wa sola, mavuno ni paneli, waya na kidhibiti cha chaji. Walaji ni taa, runinga, simu na inveta. Ghala ni betri.

Vipimo viwili vinavyotoa jibu

Kinachohitajika ni multimita, kifaa kidogo cha kupimia volti ambacho mafundi wengi wa redio na pikipiki wanacho. Kwa betri ya volti 12 ya risasi na tindikali, iliyopumzika bila kuchajiwa wala kutumika kwa saa moja au mbili, volti 12.7 humaanisha imejaa, volti 12.2 imebaki takribani nusu, na chini ya volti 12 inakaribia kuisha. Betri za lithiamu zina vipimo vyake tofauti.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa jioni baada ya jua kuzama, swichi zote zikiwa zimezimwa. Cha pili huchukuliwa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Betri ikiwa haijajaa jioni baada ya siku ya jua kali, tatizo huanzia kwenye mavuno, au matumizi ya mchana yanameza kinachoingia. Ikiwa imejaa jioni lakini iko chini alfajiri, tatizo ni walaji au ghala.

Mavuno yakiwa haba

Ukaguzi huanzia juu ya paa. Vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege hupunguza mwanga unaofika kwenye paneli. Usafi hufanywa asubuhi na mapema, kwa maji safi na kitambaa laini. Maji ya baridi yakimwagwa mchana juu ya kioo chenye joto, kioo kinaweza kupasuka. Mchanga na steelwire hukikwaruza.

Kisha kivuli. Vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo kivuli cha tawi moja kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Mwembe uliokuwa mche wakati sola inafungwa huenda leo umefika kimo cha paa. Mwenye nyumba huangalia paneli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, maana kivuli huhama.

Paneli ikiwa safi na bila kivuli, hufuata waya. Saa sita mchana, betri inapochajiwa, volti zake zinapaswa kupanda polepole kupita 13 na kuelekea takribani 14.4. Zisipopanda, maungio yakaguliwe: kutu kwenye vichwa vya betri, skrubu zilizolegea, fyuzi iliyoungua, au waya uliotafunwa na panya. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12, ikipimwa peke yake juani, hutoa takribani volti 20 hadi 22. Zikifika hizo kwenye paneli lakini hazifiki kwenye kidhibiti, waya ndio wenye kasoro. Zikifika kwenye kidhibiti na betri haichajiwi, kidhibiti kinashukiwa.

Inveta nayo hula

Inveta hubadili umeme wa betri kuwa wa volti 230. Wengi hawajui kwamba ikiachwa imewashwa hutumia umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Mfano ufuatao unaonyesha uzito wa jambo hilo.

Paneli ya wati 200, kwa siku yenye saa 5 za jua kali, hukadiriwa kutoa wati-saa 1,000. Baada ya upotevu wa joto, waya na betri, hubaki kama 700. Nyumba ina taa 6 za wati 9 zinazowaka saa 5, yaani 270. Runinga ya wati 50 kwa saa 4, yaani 200. Na simu kadhaa, 80. Jumla ni 550, na umeme unatosha. Lakini inveta inayokula wati 12 kwa saa 24 huongeza 288, na jumla hufika 838. Kila siku ghala hupungukiwa. Inveta hiyo ikiwashwa saa 6 tu, hula 72, jumla huwa 622, na betri hupata kujaa.

Inveta ikilia au kujizima wakati betri ina chaji, volti zipimwe kwenye betri na kwenye inveta yenyewe, vyombo vikiwa vinafanya kazi. Tofauti ya volti nzima huonyesha waya mwembamba au maungio mabovu.

Ghala likivuja kweli

Mavuno yakiwa mazuri na walaji wachache, lakini betri iliyojaa jioni inashuka haraka, hapo ndipo betri huhukumiwa. Ile yenye vifuniko huongezwa maji ya betri yaliyokenekwa, kamwe si tindikali wala maji ya bomba. Betri chakavu isivunjwe wala kutupwa shambani, kwani risasi yake ni sumu.

Usalama

Paneli hufunikwa na kutenganishwa na kidhibiti kabla ya waya za betri kuguswa. Wakati wa kurudisha, betri hutangulia. Inveta isifunguliwe na asiye fundi, na kazi ya paa isifanywe na mtu mmoja peke yake.

Utaratibu huu unazifaa pia kamati za zahanati na shule. Mkunga anayezalisha usiku hawezi kungoja asubuhi ili ajue kwa nini taa imezimika. Daftari dogo la vipimo vya jioni na alfajiri, likijazwa kila wiki, huonyesha upungufu mapema, na humpa fundi mwenye leseni mahali pa kuanzia kazi yake.