Ruzuku ya Mshahara wa Mwanagenzi: Serikali Hununua Nini?

Mwanagenzi ni mtu ajifunzaye kazi kwa kuifanya, chini ya fundi aliyekwisha kuhitimu, huku akilipwa ujira mdogo kuliko wa fundi huyo. Kwa mwajiri, miezi ya mwanzo aghalabu huwa ya hasara. Mwanagenzi wa umeme hawezi kuachiwa nyumba nzima atandaze nyaya peke yake. Lazima asimamiwe, na kila saa ambayo fundi huitumia kumfundisha ni saa iliyotolewa katika kazi ya mteja. Faida huja baadaye, mikono ikishazoea. Ili kuwashawishi waajiri wavumilie kipindi hicho, baadhi ya serikali huwalipia sehemu ya mshahara wa mwanagenzi. Malipo hayo ndiyo ruzuku ya mshahara.

Je, kwa nini mwajiri asigharimie mwenyewe jambo litakalomletea faida? Mwaka 1964 mwanauchumi wa Marekani, Gary Becker, alitenga ujuzi wa aina mbili. Ujuzi mahususi hufaa katika kampuni moja tu. Ujuzi wa jumla hufaa popote. Ujuzi wa fundi bomba, mwashi au mchomeleaji ni wa jumla. Mwajiri aliyeugharimia aweza kuamka siku moja akakuta fundi wake amechukuliwa na jirani aliyeongeza mshahara kidogo. Becker alionyesha kuwa penye ushindani kamili mwajiri hatakubali kubeba gharama hiyo. Ataibeba mwanafunzi mwenyewe kwa kupokea ujira mdogo. Hoja hii hutusaidia kueleza hali ya gereji zetu nyingi za mitaani, ambako kijana hufundishwa bila mshahara, na pengine wazazi wake humlipa fundi.

Sasa tutazame Australia. Wakati wa janga la UVIKO-19 ilihofiwa kuwa waajiri wangeacha kabisa kuchukua wanagenzi. Kuanzia tarehe 5 Oktoba 2020 serikali ya nchi hiyo iliahidi kulipa nusu ya mshahara wa kila mwanagenzi mpya kwa muda wa hadi miezi 12, ila isizidi dola 7,000 za Australia kwa kila robo mwaka. Nafasi 100,000 zilizotengwa zilijaa katika muda wa miezi mitano hivi, na mwaka 2021 kikomo hicho kikaondolewa. Baadaye iliongezwa ruzuku ya asilimia 10 kwa mwaka wa pili, isiyozidi dola 1,500 kwa robo mwaka, na ya asilimia 5 kwa mwaka wa tatu. Mlango ulifungwa kwa wanagenzi wapya mwishoni mwa Juni 2022.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme mwanagenzi hulipwa dola 48,000 katika mwaka wa kwanza, yaani 12,000 kwa robo mwaka. Serikali hutoa 6,000, na mwajiri hubakiwa na mzigo wa 24,000 kwa mwaka. Mwaka wa pili mshahara hupanda, tuseme, hadi 56,000. Asilimia 10 ya robo mwaka ni 1,400. Kwa hiyo mzigo wa mwajiri huwa 50,400. Umezidi maradufu katika siku moja. Ni kweli kwamba mwanagenzi wa mwaka wa pili huzalisha zaidi, lakini hazalishi mara mbili kwa sababu tu kalenda imegeuka.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo kiini cha somo hili. Tuchukue wanagenzi 100 waliolipiwa dola 24,000 kila mmoja. Jumla ni 2,400,000. Tuchukulie kuwa 70 kati yao wangeajiriwa hata bila ruzuku. Fedha za hao 70 hazikubadili uamuzi wa mtu yeyote. Kwa hiyo wanagenzi walioongezeka kweli ni 30, na gharama ya kila mmoja si 24,000 bali 80,000. Na ikiwa nusu ya hao 30 wataacha kabla ya kuhitimu, kila fundi mpya ameigharimu serikali dola 160,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini suala la kuacha si la kubuni: huko Australia, ambako mafunzo ya ufundi kwa kawaida huchukua miaka mitatu au minne, takwimu za miaka mingi zimeonyesha kuwa karibu nusu ya wanaoanza hawamalizi.

Mtu akitangaza kwamba wanagenzi 100,000 wameanza, ametueleza habari za mlangoni tu. Kadhalika, wengi wa walioingia hawakuwa wa ufundi wa mikono, bali wa kazi za ofisini, dukani na huduma nyinginezo, ambazo mafunzo yake ni mafupi na hasara yake ya mwanzo ni ndogo. Kwa maoni yangu ruzuku ya nusu mshahara haikuhitajika huko. Mpango uliofuata, kuanzia Julai 2022, ulielekeza ruzuku ya mishahara kwenye kazi zenye upungufu wa wataalamu, ukapunguza kiwango chake hadi asilimia 10, na ukampa mwanagenzi mwenyewe fedha kidogo ili asikate tamaa.

Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2007 huongeza jambo la maana: gharama huathiri uamuzi wa mwajiri wa kuanza kufundisha, lakini haziathiri sana idadi ya wanagenzi wa yule ambaye tayari hufundisha. Maana yake, shilingi ipewayo mwajiri asiyefundisha bado hufanya kazi kubwa kuliko ile ipewayo mzoefu.

Afrika Mashariki fedha huanza safari upande wa pili. Nchini Kenya mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anayefundisha aweza kudai kurudishiwa gharama. Tanzania ina tozo ya kuendeleza ufundi stadi, itokayo katika mishahara ambayo waajiri hulipa.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: warudie hesabu ya wanagenzi 100 wakichukulia kuwa ni 40 tu wangeajiriwa bila ruzuku, kisha wajadili itakuwaje serikali ikizuia nusu ya fedha hadi mwanagenzi ahitimu. Ni waajiri gani watakaoshindwa kungoja?