Ardhi ya Mababu Katika Kisiwa cha Bukini

Kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, kina neno moja ambalo hatuna budi kulijua kwanza: tanindrazana. Maana yake ni nchi ya mababu. Huko ndiko yaliko makaburi ya ukoo, na mtu akifa mbali jamaa zake hujitahidi kuirudisha mifupa yake huko.

Basi, mwezi wa Novemba 2008 gazeti la London, Financial Times, lilitoa habari kwamba kampuni ya Korea ya Kusini, Daewoo Logistics, ingepewa hektari milioni 1.3 kwa miaka 99, ilime mahindi na michikichi. Ilisemwa kuwa ni karibu nusu ya ardhi yote ya kulimika. Tena kampuni haikutazamia kulipa kodi; faida ya wenyeji ingekuwa kazi na barabara. Serikali ilijibu kwamba ardhi ilikuwa ingali ikitafutwa na kupimwa tu. Lakini nani angesadiki? Habari za mashamba yao watu walizipata kwa wageni.

Tena wakulima wengi hawakuwa na hati. Tangu enzi ya Wafaransa ardhi isiyoandikwa ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, mpaka sheria ya 2005 ilipoanza kumtambua mwenye kulima bila hati. Haki yenyewe ilikuwa bado changa, na mara wakasikia habari ya miaka 99!

Walakini tusimtwike Mkorea mzigo wote. Rais Marc Ravalomanana alikuwa pia mfanyabiashara mkubwa, na watu walinung'unika kwamba mali yake na ya serikali zimechanganyika. Desemba 2008 alikifunga kituo cha televisheni cha Andry Rajoelina, meya wa Antananarivo. Meya akawaita watu barabarani. Januari 2009 maduka yakaporwa na kuchomwa; tarehe 7 Februari walinzi wa ikulu wakawapiga risasi waandamanaji, wakafa zaidi ya 20. Ndipo askari wa kikosi cha CAPSAT walipoasi.

Baraza la makanisa, FFKM, ambamo wamo na ndugu zetu Walutheri, lilijaribu kuwapatanisha, lisiweze. Kazi hiyo ilikuwa ngumu mno, nadhani, maana Rais mwenyewe alikuwa kiongozi katika FJKM, mojawapo ya makanisa hayo hayo. Mpatanishi aliye jamaa ya mshitakiwa hasikilizwi upesi.

Tarehe 17 Machi 2009 Ravalomanana alijiuzulu. Siku ya pili yake Rajoelina akatangaza kuwa mkataba umefutwa. Lakini yeye alipewa utawala na askari, wala si kwa kura. Umoja wa Afrika ukaisimamisha Madagaska, na uchaguzi haukufanyika hata 2013. Baadaye alichaguliwa kwa kura mwaka wa 2018. Oktoba 2025 vijana walijaa barabarani wakilia maji na umeme, CAPSAT wakajiunga nao, na Rajoelina naye akaondolewa.