Kutambua na Kuoanisha Furu Katika Tangi la Kioo

Katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki wamo samaki wengi wa familia ya Cichlidae. Sato na perege wanaofugwa mabwawani ni wa familia hii. Kadhalika kuhe wa Ziwa Tanganyika, mbuna wa Ziwa Nyasa na furu wa Ziwa Viktoria. Aghalabu furu na mbuna ni wadogo, kwa hiyo hufugika vizuri katika tangi la kioo nyumbani au darasani, na tabia zao za uzazi huonekana wazi.

Mfugaji anayetaka samaki hao wazaliane hukabiliwa na maswali mawili. Yupi ni dume na yupi ni jike? Nani awekwe pamoja na nani? Maswali haya huonekana madogo, lakini kwa furu wa Ziwa Viktoria jibu la swali la pili ndilo linaloamua kama spishi itadumu au itapotea.

Samaki wawili wa Ghuba ya Mwanza

Mfano mzuri unapatikana katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza, nchini Tanzania. Huko huishi furu wawili walio ndugu wa karibu. Wa kwanza huitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia, jina lililotolewa katika Kiswahili kwa sababu ya milia myeusi iliyo ubavuni mwake. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Madume wa spishi hizi hutofautiana waziwazi. Dume wa P. nyererei ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia; dume wa P. pundamilia ana rangi ya samawati na kijivu. Majike, kwa upande wao, hufanana mno: wote wana rangi hafifu ya manjano au kijivu na milia iliyofifia. Hata mtaalamu huweza kuwachanganya.

Kwa nini rangi haitoshi

Wafugaji wengi husema kwamba samaki mwenye rangi kali ni dume na asiye na rangi ni jike. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli mara nyingi kwa furu, lakini sehemu ya pili hupotosha. Dume mwenye nguvu hutwaa eneo lake na kuwafukuza wenzake. Madume wanaoshindwa huficha rangi zao na kuonekana kama majike, na hivyo hupunguza mashambulizi dhidi yao.

Jambo hili limechunguzwa sana katika Astatotilapia burtoni, samaki wa Ziwa Tanganyika. Dume mtawala akiondolewa, dume mnyonge huanza kung'aa katika muda wa dakika chache, kisha korodani zake hukua katika siku zinazofuata. Hivyo basi, mfugaji mwenye "dume mmoja na majike watano" huenda ana madume wanne bila kujua.

Alama nyingine ni madoa ya manjano au ya rangi ya machungwa yaliyo kwenye pezi la mkundu, yaani pezi la chini karibu na mkia. Madoa hayo hufanana na mayai. Jike wa furu hutaga mayai machache machache na kuyachukua mara moja kinywani. Dume hulitandaza pezi lake mbele yake. Jike huyaendea madoa hayo kama kwamba ni mayai yaliyosalia, na wakati huo huo mbegu za kiume humwingia kinywani na kuyarutubisha mayai. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Ujerumani, Wolfgang Wickler, alieleza kwamba madoa hayo ni mfano wa mayai. Kwa kawaida madoa ya dume ni makubwa na yenye mpaka ulio wazi. Hata hivyo, baadhi ya majike nao huwa nayo, ila yamefifia. Kwa hiyo alama hii ni msaada tu, haitoi uthibitisho kamili.

Kuchunguza matundu ya chini

Njia ya kutegemewa zaidi ni kuangalia matundu yaliyo tumboni, mbele ya pezi la mkundu. Wafugaji wa sato hutumia njia hiyo hiyo wanapotenga madume ili bwawa lisijae vifaranga. Sato dume ana matundu mawili: la haja, na lingine la mkojo na mbegu za kiume. Jike ana matatu: la haja, la mayai na la mkojo. Tone la wino usiodhuru, likipakwa hapo, husaidia matundu kuonekana.

Furu ni wadogo kuliko sato, kwa hiyo jambo la kulinganisha ni ukubwa. Kwa dume, tundu la uzazi ni jembamba na halizidi sana lile la haja. Kwa jike tundu hilo ni pana zaidi, maana mayai ya furu ni makubwa na hupita hapo. Uchunguzi hufanywa hivi:

1. Mikono na wavu vilowanishwe kwanza, ili utando wa ute unaolinda ngozi ya samaki usibanduke.
2. Samaki ageuzwe tumbo juu, karibu na uso wa maji, penye mwanga wa kutosha.
3. Aangaliwe kwa sekunde chache tu, kisha arudishwe majini.
4. Samaki kadhaa wa ukubwa mmoja walinganishwe, maana tofauti huonekana vizuri zaidi kwa kulinganisha.

Vifaranga wasichunguzwe kwa njia hii. Matundu yao bado hayajakua, na kuwashika huwaumiza bure.

Nani awekwe na nani

Si samaki wote wa familia hii wanaoishi kwa jozi. Kuhe huwa na dume na jike wanaolinda watoto pamoja. Kwa spishi ndogo za namna hiyo, kama vile Neolamprologus brichardi wa Ziwa Tanganyika, mfugaji hufuga vifaranga sita au wanane pamoja na kuwaacha wachaguane wenyewe. Jozi inayolazimishwa mara nyingi huishia katika kupigana.

Furu ni tofauti. Dume hapandi na jike mmoja tu, wala halei watoto. Jike peke yake huatamia mayai kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi, na aghalabu hali chakula siku hizo. Akiwekwa peke yake na dume mmoja, atasumbuliwa mpaka adhoofike. Ni bora dume mmoja awe na majike wanne au zaidi, katika tangi lenye mawe na vyungu vilivyopinduliwa vya kujifichia. Jike mwenye koo lililovimba ahamishwe taratibu kwenye tangi lake.

Mwanga na uchaguzi wa jike

Katika spishi hizi mbili za Pundamilia, jike ndiye anayechagua, na huchagua kwa macho. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa matangi. Chini ya mwanga mweupe, majike wa kila spishi waliwapendelea madume wa spishi yao. Chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, ambao hufanya nyekundu na samawati zisitofautike, upendeleo huo ulitoweka.

Jambo lililoonekana ndani ya matangi linalingana na hali ya ziwani. Karibu na kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu zaidi, spishi hizi mbili zimebaki mbali. Karibu na kisiwa cha Luanso, ambako maji yamechafuka sana, hupatikana madume wenye rangi za katikati. Udongo unaosombwa na mvua, pamoja na mbolea na maji machafu yanayostawisha mwani, hupunguza mwanga. Chotara wa spishi hizi huishi na kuzaa, kwa hiyo hakuna kizuizi kingine cha kutosha cha kuzitenganisha pale macho yanaposhindwa.

Ziwa Viktoria lilikuwa na spishi za furu zipatazo 500. Baada ya sangara kuongezeka sana katika miaka ya 1980, nyingi zilitoweka. Baadhi ya zile zilizoadimika huhifadhiwa sasa katika matangi. Mfugaji anayechanganya ndugu wa karibu katika tangi moja, tena chini ya taa ya rangi, hupata vifaranga wazuri wa kutazama lakini wasio wa spishi yoyote. Kwa hiyo tangi moja liwe na spishi moja ya furu, mwanga uwe mweupe, na samaki wa tangini wasimwagwe ziwani wala mtoni.

Maswali ya darasani

1. Katika tangi lenye furu 10 wa spishi moja, mmoja tu ana rangi kali. Je, inaweza kusemwa kwamba wengine 9 ni majike? Eleza jaribio la kuthibitisha jibu lako bila kumshika samaki.
2. Kwa nini yai kubwa humfaa samaki anayeatamia kinywani kuliko mayai mengi madogo?
3. Eleza hatua kwa hatua jinsi shamba lililo mlimani linavyoweza kusababisha spishi mbili za samaki kuwa moja.
4. Mfugaji wa sato hutenganisha madume na majike ili wasizaane, na mfugaji wa furu huwatambua ili wazaane. Linganisha hasara inayompata kila mmoja akikosea.