SOMO LA AFYA: KWA NINI TUNAOMBWA MAKOHOZI?



Wengi huuliza: "Nakohoa, kwa nini nisipewe dawa tu? Kikopo hiki ni cha nini?"

Kikohozi, homa na maumivu ya kifua huweza kuletwa na nimonia au na kifua kikuu (TB). Kwa nje magonjwa haya hufanana, lakini vijidudu vyake ni tofauti na dawa zake ni tofauti. Nimonia mara nyingi hutibiwa kwa siku chache, TB kwa kawaida miezi 6. Mwenye TB akijinunulia vidonge vya nimonia huweza kupata nafuu kidogo, huku akiendelea kuwaambukiza wanaolala naye katika hema moja.

Maabara hufanya nini?

1. Makohozi hupakwa juu ya kipande cha kioo na kukaushwa.
2. Hutiwa rangi nyekundu, kisha hupashwa moto mpaka mvuke utoke.
3. Huoshwa kwa asidi. Vijidudu vingine hupoteza rangi, lakini kijidudu cha TB kina ganda la mafuta kama nta, nalo huishika rangi.
4. Hutiwa rangi ya bluu. Katika hadubini inayokuza mara 1,000, vijidudu vya TB huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu. Vilivyobaki ni bluu.

Kijidudu kinacholeta nimonia mara nyingi hutambuliwa kwa rangi za namna nyingine, zilizobuniwa na daktari Gram wa Denmark mwaka 1884. Chenyewe huonekana cha zambarau, viwili viwili.

Tukumbuke:

- Mate si makohozi. Sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka ndani ya kifua. Fanya hivyo nje, mbali na watu.
- Huombwa vikopo 2. Cha alfajiri, unapoamka tu, ndicho bora.
- Toa makohozi yako mwenyewe. Ya jirani hayawezi kueleza ugonjwa wako.
- Vijidudu visipoonekana, haina maana kwamba hakika huna TB. Vikiwa chini ya 5,000 hivi katika mililita moja, hadubini huvikosa. Ukizidi kukohoa, rudi.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, usingoje. Njoo zahanati, na umlete jirani anayekohoa.